Der, die au das: kutafuta chanzo cha makosa ya jinsia katika nomino za Kijerumani

Mwanafunzi wa Kijerumani akiandika *der Messer* mahali pa *das Messer*, mwalimu huzungushia neno moja kwa kalamu nyekundu. Akiandika *Ich brauche der Löffel* mahali pa *Ich brauche den Löffel*, huzungushiwa neno lilelile kwa kalamu ileile. Kwenye karatasi makosa hayo mawili yanafanana kama pacha, ilhali asili zake ziko mbalimbali. Katika kosa la kwanza mwandishi hajui jinsia ya kisu; katika la pili anajua vyema kwamba kijiko ni cha jinsia ya kiume, ila hakuzingatia kwamba kijiko hapo ndicho kinachohitajiwa, si kinachotenda. Asiyetofautisha asili hizo hurudi nyumbani kukariri upya orodha ya nomino ambazo tayari anazijua, na wiki inayofuata karatasi yake hurudi nyekundu vilevile.

Nimelishuhudia jambo hili mara nyingi katika darasa la jioni ninalofundisha hapa Mombasa, ambako wengi wa wanafunzi ni wauguzi wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani, pamoja na wafanyakazi wa hoteli na wachuuzi wa ufukweni waliokwisha kujifunza Kijerumani kwa masikio kule Bamburi na Diani. Kwa ajili yao nimeandika mwongozo huu kwa kufuata mwendo wa tabibu, ambaye hatoi dawa kabla ya kupima, wala hatibu kila homa kama malaria.

Kipimo kinachotangulia tiba

Artikeli ya Kijerumani, yaani kile kijineno *der*, *die* au *das* kinachotangulia nomino, hubeba habari tatu kwa mpigo: jinsia ya nomino (ya kiume, ya kike au ya kati), idadi yake, na kasusi, ambayo ni kazi ya nomino hiyo katika sentensi. Kasusi ziko nne, na ukizipanga dhidi ya jinsia tatu na wingi unapata nafasi kumi na sita. Lakini maumbo yanayojaza nafasi hizo ni sita tu: *der, die, das, den, dem, des*. Kwa hiyo umbo moja hulazimika kufanya kazi nyingi. *Der* peke yake ina kazi nne, na tatu kati ya hizo si ishara ya jinsia ya kiume. Hapo ndipo penye mzizi wa vurugu nyingi tutakazozieleza.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua insha yako iliyosahihishwa, na kwa kila artikeli iliyozungushiwa, funika sentensi kisha ujiulize nomino hiyo ikiwa peke yake: kisu, je, ni *der*, *die* au *das*? Ukijibu sawasawa bila kusita, jinsia unaijua na ugonjwa wako ni wa kasusi. Ukijibu kwa uhakika lakini vibaya, umehifadhi jinsia potofu, na kuna sababu iliyokupotosha. Ukikosa jibu kabisa, basi ulilihifadhi neno likiwa tupu. Andika herufi moja pembeni mwa kila kosa kulingana na jibu lako, kisha uhesabu.

Muuguzi mmoja aliniletea insha kuhusu siku yake wodini, ina miduara kumi na minne, akaniambia, "Mwalimu, hizi *der* na *die* zimenishinda kabisa." Tulikaa tukazipima moja baada ya nyingine. Jinsia ambazo hakuzijua zilikuwa tatu tu. Mahali pawili alikuwa ameacha artikeli. Tisa zilizobaki zote zilikuwa za kasusi. Alikuwa ametumia miezi miwili kukariri jinsia za nomino, na jinsia hazikuwa tatizo lake.

Dalili: neno unalijua, lakini artikeli yake haiji

Ukiulizwa Kijerumani cha kijiko unasema *Löffel* mara moja, lakini ukiulizwa *der, die* au *das* unabaki kukisia. Chanzo karibu kila mara ni daftari. Wengi wetu hujifunza Kijerumani kupitia Kiingereza, lugha ambayo artikeli yake haibadiliki, na kabla ya hapo lugha yetu wenyewe haina artikeli kabisa. Kwa hiyo mkono huandika *Löffel – kijiko* na kuona kazi imekwisha.

Hapa ni lazima nitaje hazina ambayo msemaji wa Kiswahili huja nayo darasani bila kuitambua. Hakuna mtoto wa Kisauni aliyekariri kwamba meza iko katika ngeli ya I-ZI kabla ya kuanza kusema "meza hii imevunjika." Aliisikia meza ikisemwa pamoja na "hii", na "yangu", na "imevunjika", mpaka ulimi wake ukakataa wenyewe kutamka "meza huyu." Ngeli haikukaa ndani ya neno, ilikaa katika maneno yanayoandamana nalo. Jinsia ya Kijerumani hukaa mahali hapohapo. Johannes Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuweka makao Rabai mwaka 1846, alipita njia hii kutoka upande wa pili: lugha yake ilikuwa na jinsia tatu, akakuta yetu ina ngeli nyingi kuliko hizo, na bado mwaka 1850 sarufi ya Kiswahili aliyoiandika ilichapishwa mjini Tübingen.

Tiba, basi, ni kuacha kuhifadhi neno tupu. Shuleni tulifundishwa kiti–viti, ukuta–kuta, jicho–macho, yaani umoja na wingi kwa pamoja, kwa sababu ngeli hutambulikana kwa jozi. Vivyo hivyo andika *der Stuhl, die Stühle. Das Messer, die Messer. Die Gabel, die Gabeln*, kisha ongeza kifungu kifupi chenye kivumishi, kama *ein scharfes Messer*, kisu kikali. Kivumishi hicho ndicho "hii" na "yangu" ya Kijerumani, na sikio likikizoea litaanza kukataa makosa kabla hujafikiri.

Kwa maneno yasiyokuwa na ishara yoyote ya jinsia, mimi hutumia ramani ya mji wetu. Vitu vyote vya *der* huvipeleka bandarini Kilindini, kwa kuwa bandari ni *der Hafen*. Vya *die* huvipakia kwenye feri ya Likoni, kwa kuwa feri ni *die Fähre*. Vya *das* huviweka kwenye yale mapembe ya ndovu ya Moi Avenue, kwa kuwa yamesimama mithili ya lango, na lango ni *das Tor*. Kijiko, *der Löffel*, ninakiona kikining'inia kwenye kreni ya Kilindini, na kreni yenyewe ni *der Kran*. Uma, *die Gabel*, umelala juu ya sakafu ya feri na abiria wanauruka wakishuka na baiskeli zao. Kisu, *das Messer*, kimekwama pale pembe mbili zinapopishana juu ya barabara. Mwanafunzi anayepita mahali hapo kila siku akienda kazini hupata marudio ya bure, na sharti ni moja tu: picha iwe ya kitu kinachofanya jambo mahali pale, si kitu kilichowekwa tu, kwa maana picha isiyotikisika husahaulika upesi.

Dalili: artikeli inaachwa kabisa

Unaandika *Ich habe Buch gelesen* na kushangaa kosa liko wapi. Kiswahili huonyesha kitu kinachojulikana kwa njia nyingine: "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" hutofautiana kwa kile "ki" kilichoingia ndani ya kitenzi, nasi hutosheka nacho. Jiulize tu kama kwa Kiswahili ungesema "nimekisoma." Ikiwa ndiyo, Kijerumani kwa kawaida kitataka *das Buch*, ikiwa sivyo, na kitu ni kimoja kinachohesabika, andika *ein Buch*. Vitu visivyohesabika vinavyotajwa kwa ujumla, kama *Wasser* au *Reis*, na majina ya nchi nyingi, kama *Kenia* na *Tansania*, hukaa bila artikeli. Nchi chache, kama *die Schweiz* na *die Türkei*, hushika artikeli zao daima.

Dalili: unakisia jinsia kwa kutazama maana

Neno "jinsia" limewapoteza wengi, kwa kuwa humfanya mwanafunzi atafute uume na uke katika vijiko na madirisha. Vilio huwa vikubwa zaidi anapokutana na *das Mädchen*, msichana, katika jinsia ya kati. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Mwishio *-chen* hufanya kazi ileile ya kiambishi chetu "ki-" cha udogo: nyumba, *das Haus*, huwa *das Häuschen*, kijumba, na sisi tukisema "kitoto kile kinalia," tunamvuta binadamu kutoka ngeli ya A-WA hadi ngeli ya KI-VI bila kumtukana wala kusahau kwamba ni mtu. Kila nomino yenye *-chen* ya udogo, na ndugu yake *-lein*, huchukua *das*, haidhuru inataja nani.

Hata ule mseto wa Wajerumani kusema *das Mädchen* na baadaye kumrejelea kwa *sie*, sisi tunao. Tunasema "rafiki yangu amefika," ambapo "yangu" imefuata ngeli moja na "amefika" imefuata nyingine, na hakuna anayejikwaa.

Kukisia kwa maana kuna hasara ya pili, kwa sababu yako maneno ambayo jinsia ndiyo inayoamua maana. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili kutoka jikoni: mbuzi huyu hula majani, na mbuzi hii hukuniwa nazi. Kijerumani nacho kina *der See*, ambalo ni ziwa, na *die See*, ambayo ni bahari. Mwanafunzi wa Nyali aliyetaka kujitambulisha kwa barua aliandika *Ich wohne am See*, akikusudia kusema kwamba anaishi kando ya bahari. Lakini *am* ni mkato wa *an dem*, na *dem* haiwezi kusimama mbele ya nomino ya kike, kwa hiyo msomaji wa Ujerumani alipata picha ya mtu anayeishi kando ya ziwa. Alipaswa kuandika *an der See*, au, kama watu wengi wanavyosema, *am Meer*, kutokana na *das Meer*. Vivyo hivyo *die Leiter* ni ngazi ya kupandia na *der Leiter* ni msimamizi. Tangazo lililobandikwa na fundi wa hoteli moja ya pwani kwamba *Der Leiter ist kaputt* liliwaambia wageni kwamba meneja ndiye aliyeharibika. Ongeza *die Steuer*, kodi, na *das Steuer*, usukani. Maneno ya namna hii si mengi, na yanastahili ukurasa wake katika daftari.

Kuna, hata hivyo, makundi ambamo maana husaidia kweli, nami huyafundisha bila kusita. Siku, miezi na misimu ni *der*. Majina ya namba yenyewe ni *die*: *die Eins, die Zwei*. Kitenzi kilichogeuzwa kuwa nomino ni *das*, kama *das Essen* na *das Schwimmen*, na hapa sisi tuna ngeli nzima ya KU- inayofanya kazi hiyo: kula kwake, kuogelea kwake. Watu wazima na watenda kazi hufuata jinsia zao za kweli, na mwanamke mara nyingi hupata mwishio *-in*: *der Lehrer, die Lehrerin*.

Dalili: kanuni ya miishio inakudanganya

Unaandika *der Zimmer*, *der Fenster*, *der Messer*, tena kwa uhakika. Ulifundishwa kwamba *-er* ni ya kiume, na kanuni hiyo ilikatwa mkia njiani. Ni ya kiume pale *-er* inapomtaja mtendaji au chombo kinachotenda, kama ambavyo sisi tunavyotoa "mwalimu" au "msomaji" kutokana na kitenzi: *lehren* huzaa *der Lehrer*, *fahren* huzaa *der Fahrer*, na *Computer* imeingizwa humo. Katika *das Zimmer*, *das Fenster*, *die Butter* na *die Schwester*, herufi hizo mbili ni sehemu ya mwili wa neno, wala hazikuongezwa. Kisu ndicho kinachoonewa zaidi, kwa sababu kinakata, na mwanafunzi hukidhania mtendaji.

Miishio ninayoiamini ni hii. Nomino zenye *-ung, -heit, -keit, -schaft, -ion* na *-tät* zilizoundwa kutokana na maneno mengine huchukua *die*: *die Wohnung, die Krankheit, die Möglichkeit, die Infektion*. Mwanafunzi wa uuguzi akizijua hizo peke yake amepata sehemu kubwa ya msamiati wake. Zenye *-ismus* na *-ling* huchukua *der*. Zenye *-um* ya Kilatini huchukua *das*: *das Zentrum, das Visum*. Zenye *-ment* kwa kawaida ni *das*, kama *das Medikament* na *das Dokument*, ila *der Moment* imejitenga.

Mwishio *-e* unahitaji tahadhari ya kipekee, kwa sababu unasaidia sana na unaponza pia. Nomino nyingi mno zenye *-e* ni za kike: *die Tablette, die Spritze, die Wunde, die Salbe, die Lampe*, na hata *die Schule*, ambayo Kiswahili kiliiazima kikapata shule. Zilizotoka nje ya mkumbo ni chache lakini hutumika kila siku: *der Name, der Käse, das Auge, das Ende*, pamoja na wanaume na wanyama dume kama *der Kollege, der Kunde* na *der Löwe*. Kisia *die*, lakini zikariri hizo kwa majina yake.

Kwa maneno yaliyounganishwa, tazama mwisho. Sisi husema "mkate wa nyama" na mkate wa mwanzo ndio unaotawala. Kijerumani humpa utawala wa mwisho. *Das Haus* na *die Tür* hutoa *die Haustür*. Ukiongeza *der Schlüssel*, ufunguo, unapata *der Haustürschlüssel*. Nyumba na mlango vimepoteza sauti, ufunguo umeshika usukani. Linaloasi ni *der Mittwoch*, Jumatano, ambalo ndani yake mna *die Woche*, wiki, lakini likafuata siku wenzake.

Dalili: jinsia uliyoijua jana, leo imegeuka

Hii ndiyo dalili inayowakatisha tamaa wanafunzi wenye bidii, hasa waliojifunza kwa masikio. Mchuuzi wa ufukweni amemsikia mgeni akisema *in der Schule*, *mit der Fähre*, *aus der Stadt*. Anahitimisha kwamba shule, feri na mji ni vya *der*. Baadaye anafungua kamusi na kukuta zote tatu ni *die*, na kutoka hapo haamini sikio wala kamusi.

Sikio lake halikukosea. *Die* ya nomino ya kike hugeuka *der* katika dativi, mojawapo ya zile kasusi nne, na vihusishi *aus, bei, mit, nach, seit, von* na *zu* hudai dativi kila vinapotokea. Feri ya Likoni ni *die Fähre*, lakini anayevuka nayo husafiri *mit der Fähre*. Kwa hiyo, ukisikia *der* baada ya mojawapo ya vihusishi hivyo saba ikifuatwa na nomino ya umoja, una ushahidi kamili kwamba nomino hiyo ni ya kike. Sikio lililokuwa likikupoteza limekuwa kamusi. Vimkato navyo husema kweli: *zur* ni *zu der*, na hutangaza nomino ya kike, *zum* ni *zu dem*, na huiondoa jinsia ya kike, ingawa haikuambii kama ni *der* au *das*. *Zum Strand* na *zum Tor* zinasikika sawa, ilhali ufukwe ni *der Strand* na lango ni *das Tor*.

Chanzo cha pili cha dalili hii ni wingi. Katika wingi jinsia zote tatu hukutana chini ya *die*: *die Männer, die Frauen, die Kinder*. Aliyelisikia neno mara ya kwanza likiwa katika wingi hulihifadhi kama la kike. Tiba yake ni ile jozi ya umoja na wingi niliyoitaja awali, na kwa nomino zisizobadilika, kama *das Messer, die Messer*, kumbuka kwamba nasi tuna "meza hii" na "meza hizi," ambapo kinachotofautisha idadi ni neno jirani pekee.

Dalili: jinsia ni sahihi, lakini *der, den* na *dem* zinabadilishana viti

Aliyesoma sarufi ya Kiswahili katika shule ya upili anazo tayari istilahi zinazohitajika hapa, na ni hasara kubwa kwamba hazitumiki. Katika "Mama alimpa mgeni wali," mama ni kiima, wali ni shamirisho kipozi, na mgeni ni shamirisho kitondo. Kijerumani husema *Die Mutter gab dem Gast den Reis*: kiima kiko katika nominativi, kipozi katika akusativi, kitondo katika dativi. Katika akusativi ni jinsia ya kiume peke yake inayobadilika, *der* ikawa *den*. *Die* na *das* hubaki zilivyo. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuandika sentensi kumi za kipozi na kupata nane bila kujua kanuni yoyote, kisha akashangaa mbili zimemharibikiaje. Jipime kwa nomino za kiume tu, kwa kuwa hizo ndizo zinazoonyesha maradhi.

Kiswahili huponza mahali pawili. Kwanza, kwetu "kumsaidia mgonjwa" hutumia mgonjwa kama kipozi cha kawaida, lakini *helfen* hutaka dativi: *Ich helfe dem Patienten*. Vitenzi *danken, antworten, folgen, gehören* na *gefallen* vinafuata mkondo huo, na njia pekee ni kuvihifadhi pamoja na *dem* yake. Angalia pia *-en* iliyoongezeka kwenye *Patienten*: *der Patient*, *der Kollege*, *der Kunde* na nomino kadhaa za kiume hupata *-n* au *-en* mara zinapoondoka kwenye nominativi.

Pili, na hapa ndipo muuguzi wangu alipopoteza sita kati ya zile tisa, ni kiambishi "-ni" cha mahali. Tunasema "weka dawa mezani" na "dawa iko mezani," na mezani ni ileile; tunauliza "iko wapi?" na "unaenda wapi?" kwa neno lilelile. Kijerumani huuliza *wo* kwa kutulia na *wohin* kwa kuelekea, na vihusishi tisa, *an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor* na *zwischen*, hubadili kasusi kwa kufuata swali hilo. *Ich lege das Medikament auf den Tisch*: dawa inaelekea mezani, akusativi. *Das Medikament liegt auf dem Tisch*: dawa imetulia, dativi. Nilimwomba achukue kisanduku cha viberiti, akisogeze kutoka mkononi hadi mezani huku akisema *auf den Tisch*, kisha akiachilie na kuuondoa mkono huku akisema *auf dem Tisch*. Akafanya hivyo kwa kiti, kabati na rafu, *der Stuhl, der Schrank, das Regal*, mpaka tofauti ikaingia mkononi kabla ya kuingia kichwani.

Dalili: ukitumia *ein* huna kosa, ukitumia artikeli dhahiri unaharibu

*Ein* haibainishi *der* na *das* katika nominativi: *ein Tisch, ein Bett*. Vivyo hivyo *mein* na *kein*. Unaweza kuzungumza miezi mingi nyuma ya pazia hilo. Liondoe kwa kuongeza kivumishi: *ein großer Tisch, ein großes Bett*. Ukisita kwenye *-er* na *-es*, jinsia hukuwa nayo.

Dalili: kila kitu ni *es*, na watu wote ni *er*

"Yeye" wetu hambagui mwanamume na mwanamke, na vitu huvirejelea kwa viambishi vya ngeli, kamwe si kwa "yeye". Kwa hiyo mwanafunzi humwita dada yake *er*, na meza, *der Tisch*, huiita *es*. Kijerumani hufuata artikeli: *Wo ist der Tisch? Er ist kaputt. Wo ist die Lampe? Sie ist neu.* Chukulia *er, sie* na *es* kuwa ni viambishi vya upatanisho, kama "ki-" ya "kimevunjika" na "i-" ya "imevunjika," na kosa la vitu litapona upesi. La watu huchelewa zaidi, nami husahihisha papo hapo, kwa sababu katika ripoti ya wodi *er* mahali pa *sie* inaweza kumfanya msomaji adhani ni mgonjwa mwingine.

Dalili: vyanzo viwili vinavyoaminika vinapingana

Huenda hakuna kosa. Wajerumani husema *die E-Mail*, na Austria na Uswisi husikika pia *das E-Mail*. *Joghurt* hukubali *der* na *das*. *Cola* ni *die* kwa wengi na *das* kwa watu wa kusini. Andika artikeli inayotumika kule unakokwenda, kisha uendelee.

Muuguzi yule aliniletea insha nyingine baada ya wiki tano, kuhusu chumba cha mgonjwa. Ilikuwa na miduara minne. Kabla sijaitazama alikuwa ameshaandika herufi zake pembeni kwa penseli: moja ya jinsia, kwa sababu aliandika *der Fieber*, na tatu za kasusi, zote baada ya *in*. Aliniomba kisanduku cha viberiti.